Kina Mize wawili na kadi niliyoisoma nusu: nilivyoisingizia chanjo ya shurua

Wakuu, assalaam alaykum, na wale wengine habari za mchana.

Najua humu kila mtu akileta kisa chake, comment ya tatu keshaambiwa "chai". Andikeni tu. Jambo hili hata kaka yangu wa tumbo moja lilinichukua wiki nzima kumwambia. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyonayo.

Kwanza mnijue kidogo.

Mie ni mtu wa Wawi, Pemba. Form four nimemaliza, Kiswahili nilipata C. Kazi yangu natengeneza pasi, feni na redio, nyumbani kwetu, kibarazani. Wateja ndio wanaonifuata. Nikitoka hapa nikafika Tibirinzi, ambako ni pua na mdomo, nikirudi nahisi nimesafiri, nataka kupewa pole.

Dada yangu Raya ananiita Mwari. Kwa sababu mwari ndiye anayewekwa ndani asionwe na watu mpaka siku ya harusi. Mteja akija kuulizia feni yake, Raya anamjibu kwa sauti ili nisikie: "Mwari yumo ndani, sijui kama kashamaliza kupaka wanja."

Nimezoea.

Nyumba yetu ya urithi. Tunakaa mie, Raya na binti yake, na Salma, mke wa kaka yangu Khamis, na binti yake. Khamis mwenyewe yuko Unguja kikazi, tunamuona sikukuu.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akiitwa Mize. Alifariki wakati Raya na Salma wote wana mimba. Wakajifungua, Salma kwanza, Raya baada ya wiki tatu. Wote wa kike.

Mnadhani waliitwa nani?

Hakuna aliyekubali kumwachia mwenziwe jina la mama. Nyumba moja, kina Mize wawili.

Sasa kwa wasioijua desturi: mke hatamki jina la mama mkwe wake. Hata akiwa kashakufa. Hata kama jina lenyewe kapewa mtoto wake wa kumzaa. Salma hakupata kumwita mwanawe Mize hata siku moja. Alimwita Bimkubwa, na sote tukafuata. Kitoto hakina jino kinywani, Bimkubwa! Kikilia, Raya anasema, "Bimkubwa kakasirika, nani kamnyima tambuu?"

Kwa hiyo vichwani mwetu tulikuwa na Mize mmoja, wa Raya, na Bimkubwa mmoja, wa Salma.

Kwenye kadi za kliniki walikuwa Mize wawili. Wa Raya, Mize Omar. Wa Salma, Mize Khamis.

Na kadi zote mbili zilikaa mfuko mmoja wa plastiki, juu ya kabati, pamoja na cheti changu cha form four.

Haya.

Babake Salma, mzee wa Mtambile, akaumwa. Salma akambeba Bimkubwa wake akaenda kumuuguza. Kwa haraka aliyokuwa nayo kadi aliiacha. Mzee hakuinuka, akafariki.

Asubuhi Raya kashavaa buibui la msibani, kasimama mlangoni kwangu.

"Mwari, inuka twende."

Wakuu, nitasema kweli maana niliahidi. Sikutaka kwenda. Si kwa ubaya. Kule msibani kuna watu wengi, kuna kukaa mkekani tangu asubuhi, kuna kuulizwa na kila mzee "na weye unaoa lini?" Nikatafuta udhuru. Na udhuru ukaja wenyewe.

Nikamwambia, "Leo si siku ya kliniki? Mize kafikisha miezi tisa, ana sindano ya shurua. Niachie, nitampeleka. Mie nitakuja hitimani."

Raya akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Weye, kafa mkwe wa kakako ndo ukakumbuka kliniki?"

Lakini sindano kweli ilikuwa imefika, na mtoto alikuwa keshaanza kula uji. Akamwacha.

Nikapanda juu ya kiti, nikautoa mfuko, nikachomoa kadi ya juu. Nikasoma: MIZE. Nikairudisha nyingine juu ya kabati, nikambeba mtoto, nikaenda kituo cha afya.

Palikuwa na kinamama kama thelathini na mwanamme mmoja, yaani mie. Zamu ilipofika nesi akauliza, "Mize?" Nikasema ndiye. Akamchoma, mtoto akapiga ukelele, nesi akaandika kwenye kadi, nikarudi zangu. Kabla ya adhuhuri nimeshalala chali chini ya feni, najisifu kwa kazi nzito niliyofanya.

Wenye akili mshaona.

Neno la pili kwenye ile kadi sikulisoma. Mtoto niliyempeleka alikuwa Mize Omar. Kadi niliyokwenda nayo ilikuwa ya Mize Khamis. Sindano iliingia kwenye mwili wa Mize wa Raya, wino ukaingia kwenye kadi ya Bimkubwa, ambaye saa hiyo yuko Mtambile mgongoni mwa mamake kwenye msiba.

Nyie mmeona kwa dakika mbili. Mie ilinichukua miezi mitano.

(Nimeona mkuu mmoja keshauliza huku bado naandika, kwa nini nesi asisome jina la baba. Mkuu, nesi ana watoto thelathini wanalia kwa pamoja, mbele yake kasimama mwanamme mzima, ndevu zimejaa, anasema "ndiye". Nesi hakukosea. Aliniamini tu. Kosa liache hapa hapa kwangu.)

Na msidhani Mungu hakunipa nafasi. Alinipa mbili.

Ya kwanza: mwezi uliofuata Raya akampeleka Mize kupimwa uzito, safari hii na kadi yake mwenyewe. Nesi akatazama, hakuna sindano ya shurua, akamchoma. Raya akarudi moto unamtoka.

"Mwari, ile siku ulikwenda kweli au ulilala?"

"Wallahi nilikwenda!"

"Mbona kadi tupu?"

"Basi watakuwa walisahau kuandika. Watu wenyewe wengi."

Nikanuna siku mbili kwa kudhulumiwa. Mie! Kudhulumiwa!

Ya pili: Salma alirudi kutoka Mtambile mambo ya eda ya mamake yalipokaa sawa, akampeleka Bimkubwa kliniki. Akarudi anacheka.

"Shemeji, Bimkubwa leo kapona. Wamesema sindano ya miezi tisa kashapata, turudi akitimiza mwaka na nusu."

Salma ni mtu mpole, si wa kubishana na aliyevaa sare. Akadhani ile sindano ya mwisho aliyochomwa kabla ya msiba ndiyo hiyo, maana watoto wa siku hizi wanachomwa nyingi. Na mie nikadhani alichomewa Mtambile.

Nikamjibu, "Alhamdulillahi, si bora."

Si bora!

Mambo mawili yakaletwa mbele yangu kwa siku tofauti, moja pungufu moja zaidi, na mie ninayejifanya fundi wa kutafuta waya uliokatika sikuyaunganisha.

Ikapita miezi. Kina Mize wakaanza kusimama, wakaanza kunibebea bisibisi zangu.

Ndipo shurua ikaingia.

Mwanzo tukasikia mtoto wa mtaa ule, halafu wa mtaa huu. Kisha Bimkubwa akaamka na homa, mafua, kikohozi kikavu, macho mekundu yanatoa machozi, hataki mwanga. Siku ya nne vipele vikaanza nyuma ya masikio, vikashuka usoni.

Salma akasema, kwa sauti ndogo, "Shemeji, isiwe shurua."

Sasa hapa ndipo ninapojichukia zaidi kuliko pale kliniki.

Nilipanda kwenye kiti nikaitoa kadi. Nikaifungua mbele yake kama hakimu. "Tazama. Shurua, tarehe hii, saini hii. Huyu kachanjwa. Haviwezi kuwa vya shurua hivi, ni vipele vya joto." Nikamwambia ampake poda.

Akampaka poda. Kwa sababu mie ndo nimesoma.

Tukapoteza siku tatu kwa poda.

Siku ya tatu mtoto akawa anavuta pumzi mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, hata maziwa hayataki. Raya hakuniuliza tena mie wala kadi. Aliita gari, akamwambia Salma, "Panda." Nami nikapanda nyuma, bila viatu, nimekumbuka njiani.

Hospitali sitaitaja, ila waliotupokea Mungu awalipe. Pale mapokezi wakauliza jina la mtoto. Salma akasema "Bimkubwa". Karani akasema, "Jina la kadi, mama." Salma akanigeukia. Watu wanasubiri, mtoto anakoroma, na yule mwanamke hawezi kulitamka. Nikasema mie: "Mize. Mize Khamis."

Hata hapo sikushituka.

Mwisho wa wodi ya watoto walitenga chumba kwa ajili ya shurua peke yake. Vitanda havitoshi, wengine wawili wawili. Pazia zimefungwa kwa sababu ya macho. Bimkubwa akawekewa bomba la oksijeni puani, limebandikwa kwa plasta shavuni, akakatiwa kidonge cha vitamini A kikakamuliwa mdomoni. Nesi wa zamu, nitamwita Nesi Zuwena, akatwambia wazi: shurua imemshukia mapafuni, ni nimonia, tumuombee na tufuate dawa.

Mie niliyeona Tibirinzi safari nikawa naenda hospitali mara mbili kwa siku, chupa ya uji mkononi. Wanaume hawalali mle. Unafika mlangoni, unatoa chakula, unamtazama mgonjwa kwa mbali, unakaa ubarazani na wenzio.

Kitanda cha jirani alikuwapo Bi Riziki.

Bibi wa Mtambile, mkavu wa mwili, maneno mengi, anakuja nayo tangu asubuhi. Alikuwa anamuuguza mjukuu wake, Hamad, wa miaka mitatu. Hamad hakuchanjwa shurua, na si kwa kusahau. Bi Riziki alikataa. Alisikia huyu kasema hivi, yule kasema vile, akasema wake hachomwi. Naye alikuwa hasemi uongo: nesi alipomuuliza alijibu, "Hakuchanjwa, nilikataa mimi, niandike mimi."

Nesi Zuwena akapita na daftari, kila mgonjwa anaulizwa kadi. Wengi walikuwa hawana chanjo. Alipofika kwa Bimkubwa akasoma, akasoma tena.

"Huyu kapata ya kwanza?"

Salma akasema, "Ndivyo walivyosema."

Nesi akaeleza kwa upole kwamba sindano ya kwanza huwakinga wengi lakini mmoja mmoja haimshiki, ndiyo maana ipo ya pili. Akaandika.

Bi Riziki alikuwa kayasikia yote.

Kuanzia hapo, Bimkubwa wetu akawa mfano wa wodi. Kila anayeingia kuona mgonjwa, Bi Riziki anamuonesha kwa kidole.

"Yule kachanjwa, kadi ile pale. Huyu wangu hakuchanjwa. Wote wako hapa, wote wanakohoa. Haya n'ambieni, tofauti iko wapi?"

Mama mmoja akamwambia, "Si wamesema ipo ya pili?"

"Ya kwanza haikufaa, ya pili ndo itafaa? Na ya pili isipofaa, ya tatu? Ntoto atachomwa mpaka awe chujio!"

Watu wakacheka. Na mie nikacheka, nipo mlangoni na chupa yangu ya uji.

Siku iliyofuata nilimkuta anazungumza na simu, kaiweka sauti ya juu kama wazee wetu wote. Upande wa pili alikuwa bintiye, yuko Mtambile na watoto watatu, ndugu zake Hamad wawili na mtoto wa mamkubwa wao. Watu wa chanjo wangepita skulini kwao wiki iliyofuata.

"Wakija, wambie watoto hawapo. Nipo hapa hospitali nimeona kwa macho yangu. Kuna mtoto kachanjwa hapa anakufa."

Anakufa. Salma alikuwa hatua mbili pale, anamfuta Bimkubwa macho kwa pamba. Hakugeuka.

Nikaiomba kadi. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kutazama kitu ambacho si uso wa mtoto. Nikaenda nayo ubarazani, kwenye mwanga.

Tarehe.

Wakuu, tarehe ya msiba huwa haisahauliki. Sindano ya Bimkubwa ilichomwa, kituo chetu cha Wawi, siku ya kuzikwa babu yake. Siku ambayo Bimkubwa alikuwa Mtambile.

Nikasoma juu. Mize. Nikasoma, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, neno linalofuata.

Khamis.

Nikakaa chini pale pale sakafuni, mzee mmoja akanipa maji akidhani nimefiwa.

Nikamrudishia Salma kadi yake. Nikaenda nyumbani. Nikaifungua pasi ya mteja, nikashindwa kuifunga. Mize wa Raya alikuwa anacheza miguuni pangu. Ndipo likanijia la pili: huyu amelala mkeka mmoja na Bimkubwa siku zote zile za poda. Wamekula kijiko kimoja. Wamekoholeana usoni. Naye yupo anamvuta paka mkia, hana hata chafya.

Kachomwa mara mbili kwa ujinga wangu. Na mwenziwe hata moja.

Nilinyamaza siku nzima, wakuu. Nilijiambia mtoto ana bomba puani, si wakati wa kumchoma mama moyo. Nikajiambia nitasema akipona. Maneno mazuri kabisa ya huruma. Chini ya hayo maneno nilikuwa naogopa tu kuitwa mjinga.

Lakini nikifumba macho namsikia Bi Riziki: wambie watoto hawapo.

Kesho yake alasiri nilimwita Salma ubarazani.

"Shemeji, nina neno."

"Sema."

Nikasema. Lote. Kiti, mfuko, kadi ya juu, "ndiye". Sikumtazama, nilikuwa naongea na vidole vya miguu yangu.

Akaegemea ukuta. Halafu akauliza, "Siku ile ya msiba wa baba?"

"Ndiyo."

"Uliyosema unabaki ulee."

"Ndiyo, shemeji."

"Hukuja kumzika babangu. Na mwanangu hukumchanja."

Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ningeshukuru.

Nikaanza kusema unisamehe, akaniinulia mkono.

"Hayo baadae. Kamwambie yule bibi. Ana watoto watatu anawaficha kwa sababu ya mwanangu. Kamwambie weye, kwa kinywa chako, mie sina nguvu."

Nikaenda nikasimama mlangoni. Kinamama kama kumi na mbili mle ndani, na Nesi Zuwena anabadilisha dripu. Nikasema, "Bi Riziki, samahani, nina maneno, na wote msikie." Sauti ikanitoka ya kike hasa. Raya angekuwepo angefurahi.

Nikaeleza. Kwamba watoto ni wawili, jina moja. Kwamba aliyechanjwa si huyu. Kwamba huyu hakupata hata tone.

Hapo Bi Riziki akapiga makofi mara moja, paa!

"Lahaula! Kumbe mjinga si sindano, mjinga ni weye!"

Wodi ikaangua kicheko. Wagonjwa wanakohoa, mama zao wanacheka huku wanafuta machozi. Mmoja akauliza, "Na huyu kasoma mpaka wapi?" Mwengine akamjibu, "Mpaka neno la kwanza." Wa tatu akasema, "Mwanamme kama huyu ukimtuma sokoni akuletee mchele atakuletea mche."

Nikakaa nikapokea. Niliona haki yangu.

Nesi Zuwena hakucheka. Alilichukua daftari lake, akapiga mstari, akaandika upya. Akasema, "Na mie ningepeleka taarifa ya uongo," basi.

Kicheko kilipoisha Bi Riziki akabaki ananitazama, jicho dogo.

"Na yule mwengine? Aliyechomwa? Kalala na huyu?"

"Mkeka mmoja."

"Hana kitu?"

"Hana kitu, bibi."

"Wallahi?"

"Wallahi. Njoo umuone."

"Nimuone," akasema. "Maneno yako mie siyataki tena."

Nikampigia Raya. Kesho yake akamleta Mize mpaka nje, kwenye geti, hatukumuingiza. Bi Riziki akatoka, akamkagua kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi. Akamfunua kope, akamtazama nyuma ya masikio, akamnyanyua fulana, akamwambia "toa ulimi" na Mize akautoa mpaka kidevuni.

Bibi akaguna. Akarudi ndani. Tukamsikia tu dirishani, simu ile ile, sauti ya juu: "Yale niliyokwambia, yaache kwanza. Usiwafiche. Ngojea nije."

Bimkubwa alianza kunyonya tena baada ya siku mbili. Bomba likatolewa.

Hamad hakupata nafuu. Shurua ilimpanda, wakamhangaikia sana, akafariki asubuhi, bibi yake kamshika mguu. Mie nilikuwa ubarazani na uji. Sikusikia kilio. Nilisikia tu ile wodi yote imenyamaza, na ilikuwa haijapata kunyamaza tangu Bi Riziki aingie.

Nilikwenda kumzika. Mtambile yote hainijui, nikakaa mkekani tangu asubuhi, na wazee wakaniuliza naoa lini.

Siku ya tatu ya msiba nilikuwapo tena, maana Salma alikuwa bado hospitali na nilimbebea salamu zake. Akaja mtoto wa kike akaniambia, "Unaitwa na bibi."

Bi Riziki alikuwa kakaa kizingitini upande wa kinamama, kajifunika kanga mpaka usoni, mkononi kashika kadi. Wajukuu watatu wamesimama nyuma yake washaogeshwa. Siku hiyo watu wa chanjo walikuwa skulini.

"Weye wa kadi. Njoo usome. Mpaka mwisho, si neno moja."

Nikasoma ya kwanza. Jina, la baba, la babu. Akamvuta mtoto mmoja mbele, akampa kadi yake mkononi. Nikasoma ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu.

Ilibaki ya nne.

Nikaitazama, nikamtazama yeye.

"Na hiyo soma," akasema.

Nikasoma. Hamad. Jina la baba. Jina la babu. Uzito wa kuzaliwa. Nikashuka mpaka penye shurua.

"Hapana kitu, bibi. Peupe."

"Nipe."

Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani ndani ya kanga, akainuka akawashika watoto mikono akaenda nao skuli, msibani kwake, siku ya tatu, mchana kweupe, watu wanamtazama.

Wakuu, mie si daktari, na sikuja kumhubiria mtu. Najua wako humu wenye maoni yao juu ya chanjo, na Bi Riziki alikuwa nayo yake kabla yenu. Ninalojua ni hili nililoliona kwetu: watoto wawili, jina moja, mkeka mmoja, kijiko kimoja. Mmoja alichomwa, mmoja hakuchomwa. Ukisikia "mbona yule kachanjwa na kaugua", inawezekana kweli, nesi mwenyewe alisema wapo. Lakini kwanza uliza nani kasoma kadi. Nilikaribia kuwaponza watoto watatu nisiowajua, na uongo wenyewe sikuutamka mie. Uliandikwa kwa wino wa serikali, kwa nia safi.

Bimkubwa yupo. Sikio la kushoto lilitoka usaha wiki nyingi na sasa halisikii vizuri, ukimwita lazima ukae upande wa kulia. Ile sindano ya mwaka na nusu tulimpeleka, mie, Raya na mamake, Raya akawa anasoma kadi kwa sauti njia nzima.

Salma ananipakulia chakula kama zamani na ananiamkia. Hajanitania tangu siku ile. Sijui kama atanitania tena, na sijamuomba.

Haya, uwanja wenu. Nitukaneni, nimekuja nimejiandaa. Ila naomba jambo moja kabla hujaandika: inuka hapo ulipo, kaitoe kadi ya mwanao ilikowekwa, soma jina lake, la babake na la babu yake, halafu shuka mpaka penye shurua utazame kama kuna wino.

Ukikuta peupe, acha kunitukana kwanza. Nenda.